Mdomo Uliovimba kwa Miezi: Jinsi ya Kuutibu kwa Sindano za Triamsinoloni, Hatua kwa Hatua

Mdomo unachomwa, unanywea kwa wiki mbili, kisha unarudi ulivyokuwa. Unachomwa tena, unarudi tena. Mara ya nne mgonjwa haonekani kliniki, na mhudumu anabaki akiamini kwamba dawa haifai. Mara nyingi dawa haina kosa. Kilichokosewa ni utambuzi wa ugonjwa, aina ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe, kama triamsinoloni), kina cha sindano, au muda kati ya awamu moja na nyingine.

Mwongozo huu ni wa madaktari wa ngozi, madaktari wa kinywa na matabibu waliokwisha kufundishwa kuchoma sindano ndani ya uvimbe. Unahusu uvimbe wa mdomo wa muda mrefu unaosababishwa na granuloma, yaani vijinundu vya chembe za kinga vinavyojijenga ndani ya nyama ya mdomo. Ukiwa mdomoni peke yake huitwa ugonjwa wa Miescher. Ukiambatana na ulimi wenye mipasuko na kupooza upande mmoja wa uso, huitwa Melkersson-Rosenthal. Mgonjwa anaweza kuusoma ili ajue cha kumwuliza daktari wake, lakini asijaribu kujichoma wala kuchomwa saluni.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Andaa vyote mezani kabla mgonjwa hajaketi. Dawa hii hutuama haraka, na ukianza kutafuta glavu katikati ya kazi, utachoma maji matupu mwanzoni na chokaa nzito mwishoni.

- Triamsinoloni asetonaidi, kichupa cha mg 10 kwa mililita au cha mg 40 kwa mililita
- Maji ya chumvi ya 0.9% ya kuchanganyia
- Lidokaini ya 2% kwa ajili ya ganzi
- Mabomba ya mililita 1, yale ambayo sindano yake hukazwa kwa kuzungusha
- Sindano ya geji 21 ya kuvutia dawa, na za geji 27 na 30 za kuchomea
- Klorheksidini ya kusukutulia ya 0.2%, glavu, gauzi na barafu
- Rula ndogo ya plastiki au kalipa, na kamera ya simu
- Adrenalini ya mg 1 kwa mililita, oksijeni na mtu wa pili chumbani
- Kisanduku cha kutupia vitu vyenye ncha kali

Usibadilishe triamsinoloni kwa deksamethasoni au haidrokotisoni ya majimaji kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini. Hizo huyeyuka na kuondoka kwenye nyama mapema. Triamsinoloni ni chembechembe zisizoyeyuka kirahisi. Hukaa palepale ulipoziweka na kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Anayesema "sindano haikusaidia", uliza kwanza kama alichomwa deksamethasoni.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni ugonjwa huu

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko hatua nyingine zote. Ukikosea hapa, usahihi wa mkono baadaye haukusaidii kitu.

Uliza muda. Uvimbe wa mzio huja kwa saa chache na kuisha ndani ya siku moja hadi tatu. Huu wa granuloma unaweza kuanza hivyohivyo, ukija na kuondoka, ndiyo maana huwachanganya wengi. Tofauti hujitokeza baadaye: kila unaporudi, mdomo hubaki mnene kidogo kuliko mwanzo, hadi unakuwa mgumu kama mpira na hauondoki tena. Kwa kawaida hauumi wala hauwashi.

Uliza dawa za presha. Enalaprili, lisinoprili, kaptoprili na ndugu zake huvimbisha midomo, hata baada ya miezi au miaka ya kuzitumia bila shida. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kubadilishiwa kundi la dawa, wala hahitaji sindano. Akiwa na historia ya ulimi kuvimba au koo kubana, ni dharura.

Uliza tumbo. Kuhara kwa muda mrefu, damu kwenye choo, kupungua uzito, vidonda kinywani au nyufa kuzunguka njia ya haja kubwa vinaelekeza kwenye ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa muda mrefu wa utumbo. Kwa watoto na vijana swali hili ni la lazima, kwa kuwa mdomo unaweza kutangulia utumbo kwa muda mrefu.

Tafuta kifua kikuu na ukoma. Vyote viwili hujenga granuloma, na vyote viwili vipo kwetu. Kuchoma steroidi kwenye mdomo wenye kifua kikuu ni kuvipa vimelea uhuru wa kuenea. Sikiliza kikohozi, homa za jioni na jasho la usiku. Piga picha ya kifua. Pima mabaka yasiyohisi kwa ncha ya pamba na papasa neva ya kwenye kiwiko. Ukiwa na shaka ya ukoma, chukua kipimo cha majimaji ya ngozi kwenye sikio.

Angalia meno. Jipu la jino la mbele linaweza kuvimbisha mdomo wa juu kwa wiki nyingi. Tibu jino kwanza, kisha upime mdomo upya.

Usisahau mengine. Sarkoidosi hujenga granuloma zinazofanana kabisa. Kaposi, aina ya saratani, huanza kama uvimbe wa zambarau. Mkusanyiko wa mishipa ya damu hubonyea na kujaa tena. Kuvu wa puani hufanya pua na mdomo wa juu kuwa ngumu kama ubao. Na siku hizi uliza bila kuona haya: je, umewahi kujazwa midomo ili ipendeze?

### Kata kinyama kabla ya steroidi yoyote

Steroidi huzifuta granuloma, na ukishachoma, jibu la maabara la kinyama, yaani kipande cha nyama cha kupimwa, litakuwa hafifu. Kata kutoka upande wa ndani wa mdomo, kabari ya upana wa milimita 5 hivi, ikishuka hadi kugusa misuli. Kipande cha juujuu kitarudi na jibu la "uvimbe wa kawaida" kwa sababu granuloma mara nyingi zimekaa chini. Papasa kwanza mapigo ya ateri ili uikwepe.

Gawa kinyama mara mbili. Nusu iingie kwenye fomalini ya 10%, ujazo wake uwe mara kumi ya kinyama. Nusu nyingine iende kwenye maji ya chumvi kwa kipimo cha GeneXpert na uoteshaji wa kifua kikuu. Usiweke nusu hii kwenye fomalini. Fomalini huua vimelea, na uoteshaji hautatoa kitu.

Jibu unalolitaka ni granuloma zisizo na uozo katikati, bila vimelea wala kuvu. Mwanzoni mwa ugonjwa, jibu linaweza kuonyesha maji na chembe nyeupe tu. Hilo haliuondoi ugonjwa ikiwa dalili zote zinalingana. Rudia kinyama baadaye, au endelea baada ya kuondoa magonjwa mengine.

*Dalili ya kufaulu:* unaweza kuandika kwenye faili sababu ya kukataa kifua kikuu, ukoma, Crohn, meno na dawa za presha, kila kimoja kwa sentensi yake.

## Hatua ya 2: Chuja wasiofaa kuchomwa leo

Ahirisha kama kuna malengelenge ya hapesi mdomoni, utando mweupe wa fangasi, usaha, au kisukari kisichodhibitiwa. Triamsinoloni hupandisha sukari kwa siku kadhaa hata ikichomwa mdomoni, kwa hiyo mwenye kisukari aliyetulia apime mara nyingi zaidi wiki hiyo. Kwa mjamzito, subiri ajifungue isipokuwa kuna sababu nzito.

Kisha fungua kadi ya ARV. Mgonjwa anayetumia ritonaviri au kobisistati asichomwe triamsinoloni. Wengi walio kwenye dawa za mstari wa pili, za atazanaviri au lopinaviri, wanameza ritonaviri ndani yake. Dawa hizo huzuia ini kuivunja triamsinoloni. Kiasi kidogo cha mdomoni hurundikana mwilini, uso huvimba kama mwezi, na tezi za juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake. Zikizimika, mgonjwa anaweza kuzirai kwa maambukizi madogo tu. Aliye kwenye dolutegraviri pamoja na tenofoviri na lamivudini hana tatizo hili. Wagonjwa hawalisemi hili wenyewe, na wengine huchukua ARV kituo kingine, kwa hiyo uliza faraghani, kwa heshima, mkiwa wawili tu.

## Hatua ya 3: Pima na piga picha

Mdomo ukishapata ganzi haupimiki tena, kwa hiyo fanya hivi mapema. Mgonjwa akae wima, midomo ikiwa imelegea na meno yamegusana kidogo. Pima unene katikati ya mdomo, kuanzia ukingo wa ngozi hadi mstari ambapo pakavu panakutana na palipolowa, kisha pima nusu ya kulia na ya kushoto. Andika milimita.

Piga picha tatu: mbele, kulia, kushoto, kwa umbali uleule na mwanga uleule kila awamu. Bila picha, mgonjwa na daktari hubishana mwezi wa tatu kama kuna nafuu au hakuna.

Mwambie pia afumbe macho kwa nguvu, apandishe nyusi, atabasamu na ajaze mashavu hewa. Kama neva ya uso ilikuwa dhaifu tangu awali, iandikwe leo, isije ikadhaniwa imeletwa na sindano yako.

## Hatua ya 4: Ganzi

Mdomo ni miongoni mwa sehemu zinazouma zaidi mwilini, na mgonjwa aliyeumizwa awamu ya kwanza harudi kwa ya pili. Kwa pointi mbili tatu, barafu ya dakika tano na jeli ya lidokaini hutosha. Kwa mdomo mzima, ziba neva.

Mdomo wa juu: neva hutokea kwenye tundu lililo takriban sentimita 1 chini ya ukingo wa mfupa wa jicho, mstari mmoja na mboni mgonjwa akitazama mbele. Weka kidole chako juu ya ukingo huo ili sindano isipande kwenye jicho. Ingia kupitia kunjo la ndani ya mdomo juu ya magego madogo, vuta kwanza kuangalia damu, kisha weka mililita 1 ya lidokaini kila upande.

Mdomo wa chini: lenga kati ya mizizi ya magego madogo mawili ya chini, mililita 1 kila upande.

Subiri dakika 5 hadi 10. Jumla ya lidokaini isiyo na adrenalini isizidi mg 3 kwa kila kilo ya uzito. Lidokaini ya 2% ina mg 20 kwa mililita, kwa hiyo mtu wa kilo 50 asizidi mililita 7.5. Kuziba midomo yote miwili kwa njia hii kunatumia mililita 4 tu.

Kwa nini usimwage lidokaini moja kwa moja ndani ya mdomo? Kwa sababu inaujaza maji, unapoteza alama za umbo lake, na huwezi tena kuhisi palipo pagumu, pale hasa panapohitaji dawa.

## Hatua ya 5: Changanya dawa

Anza na nguvu ya mg 10 kwa mililita. Kama una kichupa cha mg 10, usiongeze kitu. Kama una cha mg 40, changanya ndani ya bomba hivi:

- 0.25 ml ya dawa + 0.75 ml ya maji ya chumvi = 1 ml yenye mg 10
- 0.5 ml ya dawa + 0.5 ml ya maji ya chumvi = 1 ml yenye mg 20, kwa mdomo ulioshindikana na mg 10

Tikisa kichupa vizuri kabla ya kuvuta. Kiangalie dhidi ya mwanga: dawa nzima huwa nyeupe laini kama maziwa. Ukiona madonge, kitupe, huenda kiligandishwa. Vuta kwa sindano ya geji 21, badilisha iwe ya geji 27 au 30, toa hewa. Geji 30 haiumi sana lakini huziba kwa dawa nzito. Ikikataa kusukumika, usisukume kwa nguvu. Badilisha sindano. Nguvu hiyo ndiyo hurusha dawa yote kwa mpigo pale isipotakiwa.

Kila 0.1 ml ya mchanganyiko wa kwanza ni mg 1, hesabu rahisi ya kuandika kwenye faili.

## Hatua ya 6: Kuchoma

Mgonjwa asukutue klorheksidini kwa sekunde 30 na kutema. Kausha mdomo kwa gauzi, ushike kwa kidole gumba na cha shahada. Papasa mapigo ya ateri, kwa kawaida upande wa ndani, na uyakumbuke yalipo.

Weka alama za pointi kwenye mstari wa pakavu na palipolowa, zikiachana sentimita 1. Mdomo mmoja wa mtu mzima huhitaji tano hadi nane. Achana na sehemu laini zenye afya.

Ingiza sindano kina cha milimita 3 hadi 4, ndani ya ule ugumu. Vuta bomba kuangalia damu, ukijua kwamba kwa sindano nyembamba kutoona damu si hakikisho. Kwa hiyo ncha iwe inatembea taratibu ikirudi nyuma huku ukisukuma. Weka 0.1 ml polepole, kama sekunde tano. Toa, bonyeza kwa gauzi, hamia pointi inayofuata. Tikisa bomba kila baada ya pointi mbili.

Kina ndicho kinachotenganisha mkono mzuri na mbaya. Ukiona kidoti cheupe kikijitokeza chini ya ngozi, uko juu mno: pale ngozi itakonda, na kwa mtu mweusi itapauka doa linaloweza kukaa miezi. Ukihisi sindano inapenya bila ukinzani wowote, umepita na kuingia kwenye misuli au umekaribia ateri, rudi nyuma. Mahali sahihi huhisi kama kusukuma dawa kwenye embe bichi.

Kwa mchanganyiko wa mg 10, mdomo mmoja utapokea mg 5 hadi 8. Midomo yote miwili isizidi mg 20 kwa awamu.

Wapo wabobezi wanaotumia mg 40 kwa mililita kwa matone madogo ya 0.1 ml sehemu chache tu, wakilenga nafuu ndefu. Inafanya kazi mikononi mwao. Kwa anayeanza, hatari ya kukonda ngozi ni kubwa mno.

### Simama mara moja ukiona haya

Mdomo au shavu kugeuka jeupe ghafla kwa umbo la matawi, maumivu makali licha ya ganzi, au mgonjwa kulalamika kwamba haoni vizuri. Chembechembe zimeingia kwenye ateri. Acha kusukuma, weka kitambaa cha uvuguvugu, kanda, na mpeleke hospitali ya rufaa. Kama ni macho, daktari wa macho apigiwe simu hapohapo, kila dakika ina thamani. Hayaluronidasi inayotumika kuyeyusha vijazio vya urembo haiyeyushi triamsinoloni, usipoteze muda kuitafuta.

Vipele vya mwili mzima, kukohoa, sauti kukwama au presha kushuka ni mzio mkali: adrenalini 0.5 ml kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, mlaze, inua miguu.

## Hatua ya 7: Maelekezo ya nyumbani

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10. Asile wala asinywe cha moto hadi ganzi iishe. Wengi hujing'ata bila kujua. Pilipili na pombe zisubiri kesho. Mwambie wazi kwamba mdomo utaongezeka kwa siku moja au mbili. Asipoambiwa, atakimbilia duka la dawa kununua antibayotiki.

Halafu zungumza naye kuhusu mdalasini. Kwa baadhi ya wagonjwa mdalasini na vihifadhi vya benzoeti huchochea uvimbe huu. Pwani yetu mdalasini umo kwenye chai ya viungo, pilau, maandazi na hata baadhi ya dawa za meno. Benzoeti zimo kwenye soda, juisi za chupa na tomato sosi. Kwenye lebo ni E210 hadi E219. Ajaribu wiki 12 bila hivyo, akiandika siku mdomo ulipozidi. Kwa wanaofaa, jaribio hili hupunguza sindano zinazohitajika, na gharama yake ni kubadili chai tu.

## Hatua ya 8: Kurudi

Awamu inayofuata iwe baada ya wiki 4. Kuchoma kila wiki hakuharakishi nafuu. Dawa ya awamu ya kwanza bado ipo, na unayoirundika ndiyo inayokondesha ngozi.

*Dalili za kufaulu* huja kwa mpangilio huu: kwanza ulaini, wiki ya kwanza hadi ya pili, mdomo ukibonyezwa unakubali. Kisha unene hushuka kwenye rula. Mwisho mgonjwa anaweza kufumba mdomo bila kujilazimisha, na mate hayamtoki usingizini.

Ukipungua lakini bado mnene, rudia kipimo kilekile. Usipobadilika kabisa baada ya awamu ya kwanza, panda hadi mg 20 kwa mililita, ukiheshimu ukomo wa mg 20 kwa siku. Awamu tatu bila mabadiliko yoyote: acha kuchoma. Rudi Hatua ya 1, soma upya kinyama, chunguza utumbo.

Palipopauka au kukonda, usipachome tena. Rangi mara nyingi hurejea yenyewe baada ya miezi kadhaa.

## Mdomo ukirudi baada ya nafuu

Ugonjwa huu hurudi. Mwambie mgonjwa siku ya kwanza ili asione kama ametapeliwa. Kurudi baada ya mwaka ni kawaida, na awamu moja au mbili hutosha. Kurudi ndani ya wiki sita, tena na tena, kunamaanisha sindano peke yake haziwezi. Hapo mtaalamu wa ngozi huongeza dawa za kumeza kama doksisiklini, dapsoni au klofazimini, na kwa mwenye Crohn, matibabu ya utumbo ndiyo yatakayoushusha mdomo.

Upasuaji wa kupunguza mdomo upo, ila haufanywi ugonjwa ukiwa bado unawaka. Subiri mdomo utulie bila kuongezeka kwa miezi 6 hadi 12, vipimo vyako vya milimita vikithibitisha. Mdomo uliokatwa mapema hujaa tena, safari hii ukiwa na kovu, na kuchoma ndani ya kovu ni kazi ngumu zaidi kuliko ile uliyoanza nayo.